Upinde Usiogusa Nyuzi

Kila siku baada ya shule, Sisimizi alikwenda moja kwa moja chuo cha muziki. Alifungua kisanduku, akaifuta fidla yake kwa kitambaa laini, akakaza nyuzi zake nne moja baada ya nyingine mpaka zikapatana. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, binti mdogo kuliko wote katika okestra ya chuo. Jina hilo la utani alipewa na mpiga ngoma, siku alipomwona kwa mara ya kwanza akijikokota na kisanduku kilichoonekana kumzidi ukubwa.

Mwaka huo okestra ilizunguka miji mitatu ya nyumbani, na kila mahali ilishangiliwa. Sisimizi naye aliinama kupokea makofi, ila moyoni alijua jambo moja. Katika ukurasa wa tisa wa muziki wao, ambapo nota zilikimbia mfululizo, yeye hakupiga kitu. Aliuinua upinde kidogo juu ya nyuzi, unene wa karatasi tu, akaupeleka huku na huku sambamba na wenzake. Waliopiga sehemu yake, iitwayo fidla za pili, walikuwa kumi na wanane. Nani angejua?

Kisha ukaja mwaliko wa nje ya nchi. Nafasi za ndege zilikuwa chache, kwa hiyo fidla za pili zikaenda sita tu.

Walipoingia katika ukumbi wa ugenini, wote waliacha kuongea bila kuambiwa. Viti vilipanda ngazi kwa ngazi hadi karibu na dari, na dari yenyewe ilikuwa ya mbao zilizopindwa kama tumbo la fidla kubwa. Mtu aliangusha penseli, na kila mmoja akasikia ilivyobingirika. Mpiga ngoma alinong'ona kwamba akipiga chafya hapa mbele, wa kule nyuma watamwambia pole.

Katika mazoezi ya mwisho, mwalimu aliyewaongoza aliwasimamisha kwenye ukurasa wa tisa. Akawataka fidla za pili warudie, wawili wawili. Ilipofika zamu ya Sisimizi na dada aliyekaa naye, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mwalimu alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Hapa nasikia fidla moja," alisema. Akautazama mkono wa dada, uliokuwa na plasta kidoleni. "Mwanangu, kidole hakijapona. Onyesho la leo pumzika."

Dada alijibu kwa heshima kwamba kidole hakimsumbui. Kisha akainama, akaanza kulegeza upinde wake ili aurudishe kisandukuni. Lilikuwa onyesho lake la mwisho kabla ya kuhitimu, na Sisimizi alilijua hilo.

Sisimizi akasimama.

"Mwalimu, fidla uliyoisikia ni ya dada. Upinde wangu haugusi nyuzi. Tangu nyumbani."

Alisema kwa sauti ndogo, lakini katika ukumbi ule ilifika hadi kiti cha mwisho. Mwalimu hakugomba. Alimuuliza ni nota zipi anazoziweza kweli, naye akakiri kwamba ni ile ya kwanza ya kila kundi la nota.

"Basi hizo ndizo zako leo. Dada yako atapiga kama kawaida."

Saa moja iliyobaki waliitumia nyuma ya jukwaa, dada akizizungushia duara kwa penseli nota za Sisimizi.

"Ungeniambia mapema, mdogo wangu."

"Niliogopa mngeniacha nyumbani."

"Na mimi nilikuwa naachwa hapa hapa," dada alisema, kisha akacheka kidogo.

Ukurasa wa tisa ulipofika, Sisimizi aliukandamiza upinde. Mbao za fidla zikatetemeka chini ya kidevu chake. Nota yake ilitoka, ikaungana na nyingine, zikapanda pamoja hadi darini, na ukumbi mzima ukazishika. Hakuwahi kujua kwamba kitu kidogo hivyo kinaweza kufika mbali hivyo. Walipomaliza, watu wote walisimama wakipiga makofi.

Baadaye mwalimu alimwita kando.

"Leo ulipiga chache, lakini za kweli, nasi tuliweza kuzitegemea. Ukijifanya unaweza, mwenzako hubeba mzigo wako, na pengine lawama yako pia. Ukikwama, sema. Aliyekwama tunaweza kumfundisha, ila anayejificha hatumwoni." Akamkabidhi kisanduku chake. "Kesho asubuhi tunaanza nota ya pili ya kila kundi."