Redio Iliyozimwa Chumbageni

Haya yalimpata Mboni, shoga yangu wa Chumbageni, mwaka wa hamsini na nne. Redio ya marehemu mumewe ilikuwa chumba cha ndani, imezimwa tangu matanga, lakini waya wake ungali umechomekwa ukutani. Alasiri moja Mboni alizima taa zote, akaitazama mita ukumbini. Kisahani chake kilizidi kuzunguka.

"Redio ile inakula umeme bure," alimwambia shemejiye, Uweso.

"Kitu kilichozimwa hakili, shemeji. Iache. Marehemu alikataza isichomolewe."

"Marehemu alikuwa na yake. Nyumba sasa ni yangu!"

Aliingia chumbani. Madirisha yalikuwa yamefungwa, giza tupu, akaufuata mvumo mwembamba kama wa nyuki mpaka ukutani. Akachomoa. Kimya.

"Mita imesimama!" Uweso alipaza sauti kutoka ukumbini.

"Si nilikwambia?" Mboni alijibu, akacheka.

Ndipo mvumo ukaanza tena. Mboni hakukimbia. Plagi ikiwa mkononi, aliweka kiganja cha pili juu ya redio, akasema, "Sikuchomeki tena, ng'o!"

Ubao wa redio ulikuwa na joto, na chini ya kiganja chake ulipanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.