Kafara ya Mnara wa Mfaransa

Chokaa ya mnara ilikataa kukauka. Kuta nyingine zilikauka kabla ya adhuhuri, ila ubavu mmoja wa mnara ulibaki unatoa jasho, na jasho lenyewe lilinukia asumini, mafuta yale yale aliyojipaka Mwanaamina kichwani.

"Unyevu wa mto huo," alisema mumewe Bwanaheri, mwashi, bila kumtazama.

Nyumba yenye mnara huo, shambani karibu na Kilambo, aliijenga Mfaransa mmoja mwoga. Nasema mwoga, kwani asiyeogopa hajengi ukuta mnene wa kumlaza mtu juu yake kwa mapana, hachimbi kisima ndani ya ua, wala haweki lango moja tu na vidirisha vya kupitisha mtutu wa bunduki. Alihofia wanyang'anyi wa ng'ambo ya Ruvuma. Hawakuja, akafa kwa homa. Mwaka 1952 mzungu mwingine akainunua ili apande mkonge, akamwajiri Bwanaheri aujenge upya mnara uliobomoka. Bwanaheri akahamia humo na mkewe, akajenga, ukaanguka. Akajenga tena, ukaanguka. Mara ya tatu ukasimama, na tangu hapo Mwanaamina akaanza kukonda.

Akiegemea ukuta alisikia pumzi ndani ya mawe, pumzi inayokwenda sawa na yake, akiizuia yake nayo inajizuia, akikimbilia uani nayo inahema, hata mchana mmoja alipotaka kutoka langoni aende kwao Mpapura miguu ikakataa kuvuka kizingiti, akaketi pale pale analia.

Akaitwa shangazi yake, Mwanaisha, fundi wa pepo. Akachoma ubani, akamfunika Mwanaamina shuka. Bwanaheri alisimama mlangoni.

"Bwana wa mnara," Mwanaisha alinong'ona, "mwanangu amekukosea nini?"

Mwanaamina akajibu kwa sauti nzito isiyo yake. "Hajanikosea. Nimepewa. Kipande cha kanga yake kimo ukutani, na nywele zake."

"Kakupa nani?"

"Huyo mlangoni."

Mwanaisha akageuka. "Bwanaheri! Fundi akigusa ukuta wenye jini lake huchinja mbuzi kwanza. Wewe ulichinja nini?"

"Nilikuwa nao wawili tu, shangazi. Ni wa harusi... kuna Salma, kule Mikindani. Wazee wake nimeshawaahidi."

"Ama kweli kikulacho ki nguoni mwako!"

Chini ya shuka Mwanaamina akasema kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, iliyochoka. "Bwanaheri, miaka yote nakupikia, nakufulia, kumbe mbuzi ananishinda thamani?"

Kisha ile nzito ikarudi. "Mimi niliomba mbuzi. Mke kanipa mumewe mwenyewe, kwa hiari yake."

Aibu ikamsukuma Bwanaheri nje, akarudi anawakokota mbuzi wote wawili. "Wachukue! Wachukue wote, mwachie mke wangu!"

Mkono wa Mwanaamina ukatoka chini ya shuka, ukampapasa mbuzi mmoja kichwani taratibu, kisha ukamsukuma.

"Wapeleke harusini kwako," jini likasema. "Huyu nimeshamzoea."