Soli ya Vidole Vitatu

Daraja la kuvukia reli, saa moja na nusu asubuhi, halina adabu. Watu hupigana vikumbo na hakuna anayeomba radhi. Hapo ndipo soli ya kiatu cha kushoto cha yule binti ilipobanduka, ikabiringika ngazi nne na kutua mbele ya mwanaume aliyebeba boksi la misumari na gundi ya viatu.

Haikuwa soli ya kawaida. Ilikuwa nene kama vidole vitatu, maana mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko mwenzake kwa kiasi hicho hicho. Alisimama na gauni lake la kijani, mkono mmoja kwenye chuma cha ngazi, amekunja uso ili asilie.

"Dada, hii mali yako?"

"Cheka umalize, nachelewa kazini."

"Nicheke nini? Wa kuchekwa ni fundi wako. Kapigilia misumari, gundi hakutia. Hebu kaa hapo."

Akamkalisha kwenye ngazi, watu wakiwapita kwa kunung'unika, akafungua boksi lake. "Itakufikisha ofisini," alisema alipomaliza. "Jioni niletee dukani kwangu, pale sokoni, niifanye kazi ya maana."

Jioni alipita. Kesho yake akapita tena, ingawa kiatu kilikuwa kimeshapona.

Sokoni mwanaume huyo walimwita Gundi, na duka lake la kutengeneza viatu lilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya ngozi. Binti alikuwa mpokea simu wa ofisi ya bima. Kwaya ya kanisani walimwita Kengele, na aliyesikia sauti yake mara moja hakuuliza kwa nini. Gundi alimpima mguu mara tatu, akamtengenezea kiatu kipya cha mpira mwepesi. Siku alipokivaa, Kengele alivuka chumba bila bega kuyumba.

"Gundi! Nimenyooka!"

Gundi akageukia ukutani kufuta macho. Furaha ya namna ile hakuwahi kuionja popote, na mjinga yule hakujiuliza inatoka wapi.

Simu zikaanza.

"Umekula, Gundi wangu?"

"Nashiba sauti yako."

"Sauti haina mboga. Nenda ukale!"

Mapenzi yakakolea. Alasiri moja, wakiwa dukani, Kengele akasema jambo lake. "Mimi siolewi na mwanaume asiyejua Mungu amemwitia nini. Baba yangu alitangatanga maisha yake yote, leo hiki kesho kile, na sisi nyuma yake na magodoro. Wewe, mpenzi, amekuitia nini?"

Gundi akatazama mikono yake. Gundi nyeusi chini ya kucha, na mapajani kiatu cha mtu kimelala na vumbi la njia zake. Aibu ikamshika. Angesemaje kwamba Mungu wa mbinguni amemwitia visigino?

"Utasikia Jumapili," akajibu.

Jumapili, kanisani kwa kina Kengele, ulipofika wakati wa ushuhuda, akasimama. Akasema Bwana amemwamsha mara tatu kwa jina lake, akamwambia, "Nenda ukahubiri." Ilikuwa habari aliyoiokota utotoni katika mafundisho ya Jumapili, akaivalisha jina lake. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Kengele alilia hadi kitambaa kikalowa, na jioni ile akampigia mama yake: "Mama, nimempata." Mchungaji naye akampa Gundi zamu ya kuhubiri, wiki tatu mbele.

Wiki hizo zilikuwa adhabu. Alifunga duka ili aonekane mtumishi, akaazima koti lililomfika magotini.

"Mtumishi wangu, umeamkaje?" Kengele alimwuliza kila asubuhi kwenye simu. Hakumwita Gundi tena. Na kila alipoitwa mtumishi, alitamani ardhi impasukie.

Siku ikafika. Alisimama mimbarani na karatasi ya mahubiri, akainamisha macho akwepe ya watu, na hapo akaona kiatu cha Kengele kwenye safu ya mbele ya kwaya. Soli ilikuwa imeanza kuachia ukingoni. Alikuwa ametembea nayo hivyo siku zote hizo, akiona vibaya kumsumbua mtu wa Mungu kwa kazi ya mpira na gundi.

Karatasi ikamtoka mkononi.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi sikuamshwa na mtu. Nilidanganya. Nilimpenda dada mmoja, nikaionea aibu kazi yangu, nikamsingizia Mungu maneno. Nisameheni."

Kengele akashuka jukwaani, akapita katikati ya kanisa kuelekea mlangoni, bega likiyumba, soli ikipiga sakafu pa, pa, pa. Gundi aliihesabu kila hatua. Alikuwa amekurudisha kule kuyumba kwa mikono yake mwenyewe.

Alimpigia siku nne. Siku ya tano simu ikapokelewa.

"Usinipigie."

"Kengele, naomba nieleze..."

"Ungenidanganya mimi peke yangu, ningenuna nikanyamaza. Lakini mimi nilifunga siku tatu nikishukuru! Nilikuwa namshukuru Mungu kwa kitu gani, eti?"

Akakata.

Akaenda kwa mchungaji akitarajia kufukuzwa. Mchungaji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mimbarani ulisikia nini moyoni?"

"Jasho tu, baba."

"Na siku dada yule aliponyooka?"

"Nililia."

"Sasa unaniuliza mimi wito wako uko wapi? Kafungue duka. Mungu atakusamehe. Ila msamaha wa binti, huo siugawi mimi."

Akafungua. Kila asubuhi, kabla ya kushika sindano, aliweka kiatu cha kwanza mapajani na kuomba akiwa ameinama, maana kuinua uso bado kulimshinda.

Wiki ya tano kivuli kikaziba mlango. Kengele, na gauni la kijani, na nyuma yake mama aliyebeba binti mdogo mwenye mguu mmoja mfupi.

"Nimekuletea mteja. Sikuja kwa ajili yako."

"Nimesikia, dada."

Alipima, akakata, akapiga msasa siku mbili. Mtoto alipoweka mguu chini akasimama wima, akacheka, akakimbia hadi mlangoni na kurudi. Gundi akageukia ukutani. Kengele, aliyekuja kushuhudia, aliona mabega yake yakitikisika.

Mama na mtoto walipoondoka, Kengele akavua kiatu chake cha kushoto na kukiweka mezani. Soli ilikuwa imefungwa kwa kamba.

"Kamba ya nini hii?"

"Sikutaka fundi mwingine akiguse."

Gundi akaifungua kamba. "Niulize tena lile swali lako."

"Mungu amekuitia nini?"

Akakiinua kile kiatu kwa mikono yake yenye kucha nyeusi. "Hiki. Hakuna aliyenitokea. Nilikuwa nimekalia wito wangu kwenye kigoda, nikiuonea haya."

Kengele akakionyesha kiatu kwa kidole. "Nataka na vingine. Vyeupe."

"Vya sherehe gani?"

"Si wewe mwenye mafunuo? Nifunulie."

Aibu ikampanda hadi masikioni, lakini safari hii hakukwepa macho yake. "Sina ufunuo, mpenzi. Nina ombi tu. Nikubali niwe mumeo."

Kengele akavuta kiti, akanyoosha mguu wa kushoto na kuuweka juu ya goti la fundi.

"Pima," akasema. "Na gundi utie ya kutosha."