Uso wa Bibi Harusi wa Udongo

"Theuri, huyu ni nani?"

Wacera alikuwa ameshika simu kwa mikono yote miwili. Kwa video, mchumba wake alimwonyesha kidoli kimevaa shela.

"Si ni bibi harusi wetu, yule tulianza naye kwenu Karatina?"

"Wetu alikuwa na mwanya kama mimi. Huyu ako na vishimo vya mashavu."

"Aah! Ni udongo tu."

Walianzia jikoni kwa mama yake Wacera, simu imefungwa kwa stuli. Theuri alifinyanga, Wacera alisogeza kidoli kidogo, wakapiga picha, akasogeza tena, mpaka kikatembea. Hizo katuni ndizo zilimpa Theuri kazi ya udairekta, studio ya filamu ya serikali, Nairobi. Akaapa atamwoa. Na leo wazee wake wametoka Kangari na mbuzi za ruracio, mahari ya Wacera, yeye akisema atawapata kwa kina Wacera akitoka kazini.

"Uliniambia mikono yako haijui kufinyanga uso usioupenda."

"Nilikuwa nakubembeleza."

"Basi nifinyange. Sasa hivi, nikiona."

"Wacera, niko kazini..."

"Nakuomba, Theuri. Wazee wamefika Sagana. Nifinyange tu nitulie."

Theuri akachukua bonge la udongo. Paji likatoka, la Wacera kabisa. Pua pia. Wacera akaanza kutabasamu huku machozi yanamtoka. Vidole gumba vikafika mashavuni, vikazama polepole, kila upande kimoja.

Theuri akafuta mbio. Akaanza upya. Vishimo vikarudi.

"Theuri, anaitwa nani?"

Kabla hajajibu, msichana akachungulia begani kwake na kikombe cha chai.

"Wee Theu, umenitengeneza tena!" Akacheka, na mashavu yake yakaingia ndani. "Na huyo kwa simu ni nani?"

"Ni... ni mtu tulianza kazi naye."

Wacera akakata. Ujumbe ukaingia: "Nisamehe. Huyo msichana, Wendy, sikumpanga. Wacha wazee wafike kwanza, nitawaambia mwenyewe."

Wacera akaingia jikoni na simu mkononi.

"Kuja uonje mukimo," mama akasema. "Chumvi imetosha?"

"Mama, ambia wazee wageuzie huko Sagana."

"Ati nini? Na hizi sufuria zote? Umemkataa kijana wa watu leo?"

"Mikono yake imesahau uso wangu, mama. Nimeiona ikijaribu."

Mama akamtazama. Akaweka mwiko chini, akajipangusa mikono kwa leso.

"Lete hiyo simu," akasema. "Nitaongea nao mimi."