Mlango Mpya wa Landkruza

Haya yalimpata rafiki yangu Omollo, fundi wa magari huko Smithfield. Mutanu, mjane wa rafiki yake, alimwachia atengeneze Landkruza kuukuu ya marehemu mumewe, akimsihi asibadilishe mlango wa dereva: kabla ya kila safari, marehemu aliupiga makofi mawili, hata pete yake ikauachia kovu. Omollo akafunga bodi mpya nzima, milango na yote. Mlango ule akautupa pamoja na vyuma chakavu.

“Shemeji, mlango ni ule ule?” Mutanu aliuliza kwa simu.

“Ule ule, shemeji. Nimeupaka rangi tu,” alijibu Omollo.

Alipokata simu, taa za gereji zilizimika. Gizani bati la gari likalia makofi mawili. Alimulika mlango mpya: katikati ya rangi mbichi palikuwa na kovu la pete, limekwisha kushika kutu.