Sahihi ya Mwisho

Kila alasiri Redio alipitia ofisini kwa mama yake, mtunza majalada, akafanya kazi zake za shule kwenye kona ya masjala. Jina hilo alipewa na mzee tarishi, maana mtoto yule haishiwi maneno. "Redio, taarifa ya habari vipi leo?" mzee humwuliza, na wote hucheka.

Jumatano hiyo hakuna aliyecheka. Jalada jekundu la kiwanja cha zahanati lilikuwa halionekani. Watu walinong'ona koridoni. Mama akipita, walitawanyika.

Mama alipotoka kidogo, naibu meneja akaingia, akavuta kiti karibu.

"Mwanangu, jana si ulisema ulimwona tarishi na jalada jekundu?"

Kweli alisema. Lo, mdomo huu! Alimwona mzee amebeba majalada, basi. Rangi aliiongeza mwenyewe ili watu wamsikilize.

"Kesho utamwambia meneja hivyohivyo. Mama yako anaipenda kazi yake, sivyo?" Naibu akatabasamu. Tabasamu lile lilimkata Redio maini.

Njiani kurudi nyumbani alimweleza mama yote huku analia. "Mzee atafukuzwa kwa sababu yangu!"

"Kesho sema ulichokiona," mama alijibu. "Usiongeze, usipunguze. Mengine niachie mimi."

Kesho yake, ofisini kwa meneja, tarishi alisimama ameshika kofia. Naibu alimkazia Redio macho.

"Nilimwona na majalada," Redio alisema. "Rangi sikuiona. Nilidanganya. Nisamehe, babu."

"Mtoto kafundishwa huyu!" naibu akafoka.

Mama hakubishana. Alitoa daftari mkobani, akalifungua mezani. "Anayechukua jalada husaini hapa. Sahihi ya mwisho ni hii."

Meneja akasoma, akageuka polepole. "Naibu, hii si sahihi yako?"

Jalada lilikutwa kabatini kwa naibu. Neno "zahanati" lilikuwa limefutwa, na jina la naibu limeandikwa mahali pake.

"Mama, mbona hukulionyesha daftari jana?" Redio aliuliza walipokuwa wakitoka.

"Ningelitoa jana mbele ya naibu peke yake, leo nalo lingekuwa limepotea. Kazini, mwanangu, jambo usilitangaze ovyo. Lakini likifika mbele ya anayehusika, liseme kweli tupu, hata kama unatetemeka."

Mlangoni walimkuta tarishi. "Haya Redio, taarifa ya habari?"

Redio alifikiri kwanza. "Leo sina, babu. Nina neno moja tu: pole."