Siri ya Mguu wa Bernadeta

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Odeta alimsindikiza dada yake mazoezini. Odeta alikuwa darasa la sita. Dada yake, Bernadeta, alikuwa amemaliza kidato cha sita, na jina lake lilikuwa limetoka kwenye orodha ya vijana wa kuripoti Jeshi la Kujenga Taifa. Zilibaki wiki sita.

Waliteremka ngazi za mawe kutoka nyumbani kwao mlimani Mabatini, wakakimbia hadi Mkuyuni na kurudi. Bernadeta alibeba mgongoni begi lenye mchanga.

"Nikitoka JKT nitaomba kuingia jeshini moja kwa moja," alimwambia Odeta. "Sitaki kufika kambini nikiwa legelege."

Wiki ya tatu, Bernadeta alisimama ghafla katikati ya kilima, akakaa juu ya jiwe na kuushika muundi wa mguu wa kulia.

"Dada, unaumwa?"

"Ni misuli tu. Lakini usimwambie mama. Atanikataza kukimbia na siku zinakwisha. Tafadhali, mdogo wangu."

Odeta aliahidi.

Maumivu hayakuisha. Bernadeta alimeza vidonge vya kutuliza maumivu, akaukanda mguu kwa maji ya moto, na kesho yake akaongeza mchanga begini. Mama yao, aliyeuza dagaa sokoni Mkuyuni, hakuwa kipofu.

"Odeta, mbona dada yako anachechemea?" aliuliza jioni moja wakichambua dagaa.

Odeta aliinamisha kichwa. "Raba zinambana, mama."

Mama aliamini. Kesho yake alirudi kutoka sokoni na raba za mtumba, kubwa kidogo kuliko zile za kwanza. "Jaribu hizi, mwanangu. Mguu usikusumbue tena." Bernadeta alizivaa. Usiku huo Odeta hakuweza kumaliza ugali wake.

Siku nne baadaye, wakipanda kilima, Bernadeta alikanyaga kijiwe akaanguka. Alipojaribu kusimama, mguu ulipinda mahali pasipo na kiungo. Odeta alipiga kelele mpaka majirani wakatoka, wakambeba Bernadeta hadi barabarani na kumkimbiza hospitalini.

Mama alipofika kutoka sokoni, daktari aliwaonyesha picha ya mfupa. "Mfupa huu ulianza kupata ufa siku nyingi zilizopita," alisema. "Yale maumivu yalikuwa yanakuomba upumzike. Ungekuja mapema, huenda wiki chache za kupumzika zingetosha."

"Na JKT, daktari?" Bernadeta aliuliza.

Daktari aliiweka ile picha mezani. "Tutaweka chuma. Utatembea, utafanya kazi zako. Lakini mafunzo ya kijeshi, kukimbia na mzigo, hapana. Siwezi kukuruhusu."

Bernadeta aligeukia ukutani.

Nje ya wodi, Odeta alishindwa kuvumilia. "Mama, raba hazikuwa zinambana. Nilijua anaumwa. Nilikudanganya."

Mama alikaa kwenye benchi. "Ningemleta hapa siku ileile," alisema.

Siku ya kuripoti ilipofika, Winnie, aliyesoma na Bernadeta, alikuja nyumbani kwao kuaga na begi lake. Bernadeta, mguu ukiwa kwenye plasta, alitoa chini ya mto bukta ya bluu na fulana mbili za kijani alizokuwa amenunua kwa ajili ya kambi.

"Chukua. Utakuwa na za kubadilisha."

"Bernadeta, jamani..."

"Chukua tu. Nenda, utachelewa."

Winnie alipoondoka, Bernadeta alijifunika shuka usoni akalia. Odeta alisogea. "Dada, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mimi ndiye niliyekuomba ufiche."

Mama, aliyekuwa akiwasikia mlangoni, aliingia akaketi kitandani katikati yao. "Bernadeta, hukukosea kujiandaa. Ulikosea kufikiri kwamba kuvumilia maumivu ndiyo ushujaa. Mwili ukilalamika, usikilizwe." Kisha akamshika Odeta bega. "Na wewe hukukosea kumpenda dada yako. Lakini siri inayomdhuru mtu haitunzwi, mwanangu. Mwambie mtu mzima, hata kama huyo umpendaye atakununia. Kununa huisha."

Bernadeta alifuta machozi. Akanyoosha mkono, akaushika wa Odeta, na hakuuachia.